Jina Lililoitwa Kanisani

Msalaba ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, na fundi alikuwa ameandika juu yake kwa mwandiko mzuri AGNESI SAMSONI, na hilo halikuwa jina la mwanamke tuliyekuwa tunamzika. Katika watu wote waliojaa pale shambani kwao, nje kidogo ya mji wa Kasulu, ni mimi peke yangu niliyejua. Katibu wa msiba alisoma wasifu wa marehemu, akasema alizaliwa hapahapa Kasulu, akasema alikuwa mwanachama mwaminifu tangu usichana wake, hakuwahi kukosa mkutano wala uchaguzi, na watu wakatikisa vichwa kwamba ni kweli. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wanawake, nimetoka Kibondo kwa basi la asubuhi, miguu imevimba, nikanyamaza. Kunyamaza nakujua. Shule nimesoma darasa la pili tu, na kuandika huku nimejifunzia ukubwani kwenye ngumbaro, lakini kunyamaza nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka mmoja mzima, na Agnesi tulikuwa darasa moja.

Mwanawe Patrisi alikuwa amesimama karibu na kaburi kwa suti nyeusi. Alikuwa anagombea uenyekiti wa mtaa, uchaguzi umebaki wiki mbili, kwa hiyo kila aliyempa mkono wa pole nilimtazama mara mbili. Huyu amekuja kwa ajili ya marehemu, au amekuja kuhesabu wageni? Nilimwona mwanamume mmoja mwenye kofia akimwinamia mwenzake na kumwambia, "Samsoni huyu ni Samsoni wa ukoo gani? Mimi Wasamsoni wote wa huku nawajua." Mwenzake akacheka puani. "Subiri kampeni zianze, utaujua ukoo." Basi nikavuta kanga yangu mpaka kwenye paji la uso. Yaani miaka yote hiyo, na bado mtu anauliza, tena mbele ya jeneza.

Mwaka ninaousema ulianza kwetu Burundi, ng'ambo ya mpaka, siku ambayo mtu wa serikali alikuja kilimani na karatasi. Hakuja kwa fujo. Alivaa tai. Alituambia tukae kwenye majani mbele ya shule, akasema kuna mkutano, wale atakaowaita wapande lori waende kupewa maelezo, wengine warudi mashambani. Kisha akasoma. Kwetu mtoto akiitwa na mkubwa haulizi "nini?" Anaitika "Karame!", maana yake uishi sana, na anaitika kwa sauti, kwa sababu kuitika chinichini ni utovu wa adabu. Wote tulilelewa hivyo. Mwalimu Gaspari akaitwa, akaitika Karame. Leonidi mganga wa zahanati, Karame. Izidori, Venansi, Sipriani mshona nguo, Yohana na mdogo wake Rafaeli, Ferdinandi mwenye baiskeli, kila mmoja anasimama, anajipangusa suruali, anaitika. Matiyasi wa parokia hakuwepo, alikuwa amejificha nyumbani mwake, basi wakamtuma kaka yake wa tumbo moja akamwite mlangoni kwa sauti ya nyumbani. Alitoka. Naye akaitika. Hakuna aliyerudi, na wiki ile ile sisi wengine tukakimbia. Ndiyo maana nayakumbuka majina yote. Kuna wanaosema nina kipaji. Si kipaji. Mtu aliyeyasikia majina yale kwa mpangilio ule hawezi kuyasahau hata akitaka.

Tulivuka milimani upande wa Manyovu, mimi na msichana wa kilima chetu, Daforosa Nduwimana, ambaye ndiye huyo Agnesi. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita, na kaka mmoja tu, Melkiori Bizimana, waliyepotezana naye njiani. Msomaji asishangae kwamba kaka na dada hawana jina moja la ukoo. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hakuna wa kuliazima, na karatasi haiwezi kujua kwamba Nduwimana na Bizimana wamenyonya titi moja. Tulifika Kasulu wakati maharage yanatoa maua. Aliyetupokea ni mama mmoja wa Kiislamu, Mama Zuhura, ambaye baba yake alitoka pwani, naye alikuwa na hoteli ndogo karibu na soko. Hakutuuliza chochote siku ya kwanza. Alitupa uji, akatazama miguu yetu, akasema, "Wanangu, hiyo miguu haikutoka jirani." Kisha akatuonyesha chumba.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Kilikuwa stoo, magunia ya maharage upande mmoja, madebe ya mawese upande mwingine, na sisi katikati kwenye mkeka. Kati yetu na meza za wateja hapakuwa na ukuta bali jamvi lililoning'inizwa, na kupitia jamvi hilo tuliusikia ulimwengu wote. Tulikaanga maandazi alfajiri, mchana tukasonga ugali wa muhogo na kuunga dagaa, na muda wote masikio yetu yalikuwa mezani. Madereva walikuwa wanaongea, hawajui kama kuna mtu nyuma. "Leo nimebeba wakimbizi, lori zima." "Unawapeleka wapi?" "Makambini huko, mbali. Wanaandikwa majina, wanapanda." Daforosa alikuwa na mwiko mkononi, akanitazama. Majina, halafu lori. Leo najua lori lile lilikuwa linawapeleka watu kwenye mashamba na maisha, na wengi walilima tumbaku huko wakasomesha watoto. Lakini nani angetuambia? Na kama angetuambia, tungemwamini kwa sababu gani? Hata yule wa kwetu alivaa tai akasema maelezo.

Baada ya kama mwezi akaja balozi wa nyumba kumi, Mzee Yotamu, mtu mpole, mwenye daftari kubwa la jalada jekundu. Aliketi, akanywa chai ya rangi, akasema, "Mama Zuhura, nasikia una wageni. Lazima niwaandike, ni utaratibu tu." Mama Zuhura akaita kuelekea jamvini, "Wasichana! Njooni!" Mimi nikaitika "Karame" bila kufikiri, kama kawaida ya kwetu. Balozi akainua kichwa. Mama Zuhura akacheka kicheko kikubwa cha ghafla, akasema, "Hawa wa vijijini huko mpakani, Mzee Yotamu, mpaka nimewachoka. Nyie! Mwanamke akiitwa anaitika abee. Semeni." Tukasema abee. "Tena." Abee. Balozi akacheka naye. Akauliza majina. Mimi nikasema Maria. Daforosa akatazama ukutani, palipokuwa na chupa tupu na kalenda ya duka yenye sikukuu za watakatifu, akasema Agnesi. "Agnesi nani? Jina la baba?" Hapo akakwama, kwa sababu kwetu hakuna jina la baba. Mama Zuhura akajibu kwa ajili yake bila hata kugeuka kutoka kwenye birika, "Samsoni. Wote watoto wa Samsoni, marehemu." Balozi akaandika. Nilivyoona kalamu inatembea, nikarudi nyuma hatua moja kuelekea jamvini. Lakini Daforosa chumbani alikuwa anatabasamu. "Wakija kuita," alininong'oneza, "watamwita mtu ambaye hayupo. Waite mpaka wachoke."

Mzee Yotamu hakuwa mtu mbaya, nataka niseme hivyo kwa haki. Nafikiri alijua. Wiki iliyofuata alipita tena na kutuletea mbegu za mchicha, akasema, "Agnesi, Maria, pandeni nyuma ya nyumba." Aliyasema majina yale polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Mimi badala ya kushukuru nilijiuliza kwa nini anayarudia.

Jumapili moja, Krismasi ikiwa karibu, tulikuwa kanisani upande wa wanawake. Katekista Simoni alisoma matangazo ya ndoa, akasoma zamu za kufagia, kisha akatoa kikaratasi kingine mfukoni. "Anatafutwa msichana," akasema, akataja kilima chetu. "Daforosa Nduwimana. Anayemtafuta ni ndugu yake, yuko hapo nje. Kama yupo, asimame." Kanisa zima likageuza shingo. Nilimsikia Daforosa akivuta pumzi, na najua pumzi ile ilikuwa ya nini, maana mwili wake wote ulikuwa umeshaanza kunyanyuka na mdomo umeshafunguka kwa ile sauti ya K. Nikamshika paja. Nikamfinya mpaka kucha zikaingia. Katekista akasoma mara ya pili, polepole zaidi. "Daforosa Nduwimana." Nikamwambia sikioni, kwa Kirundi, "Matiyasi naye aliitwa na ndugu yake." Akakaa. Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondokea kwenye mikono yangu, lakini alikaa. Misa ilipoisha tulitoka kwa mlango wa pembeni, tukapita kwenye migomba. Mimi niligeuka mara moja tu. Nje, juu ya jiwe, alikuwa amekaa mwanamume mwenye koti refu, ametugeuzia mgongo, anatazama mlango mkubwa ambao watu wengine wote walikuwa wanautokea.

Kesho yake mchana Daforosa alikuwa ameenda kuteka maji. Nilikuwa nyuma ya jamvi nachambua dagaa. Akaingia mteja, nikaijua sauti kwamba ni ya kwetu, Kiswahili kinagonga kama mtu anayepanda ngazi asizozijua. Akaagiza ugali. Akamuuliza Mama Zuhura, "Mama, hujaona wasichana wa kwetu hapa? Natafuta dada yangu." Mama Zuhura, Mungu amrehemu, akasema, "Baba, mimi nina Agnesi na Maria tu, watoto wa marehemu Samsoni." Akauliza, "Naweza kuwaona?" "Mmoja yuko mtoni. Mwingine yupo jikoni. We Maria!" Nami nikaitika, "Abee, mama." Kwa lafudhi safi, kama nimezaliwa Ujiji. Nikamsikia anapumua kwa nguvu, kama mtu aliyekata tamaa. Msichana wa kwetu hasemi abee. Nikasogeza jamvi kwa kidole, nikachungulia. Uso ulikuwa umeinama kwenye sahani, koti lilikuwa limemmeza, sikuweza kumjua. Lakini alikuwa anamega ugali kwa mkono wa kushoto. Na Daforosa alikuwa amenisimulia mara mia usiku wa safari yetu, akicheka na kulia, jinsi kaka yake alivyokatika vidole viwili vya mkono wa kulia kwa panga akiwa mdogo, na jinsi mama yao alivyokuwa akipigana na wageni waliomwona hana adabu kwa kula kwa mkono wa kushoto.

Nilijua. Nitaandika hivyo hivyo, nilijua. Na papo hapo nikajua pia kwamba Matiyasi naye aliijua sauti ya kaka yake, na kujua kwake ndiko kulikomtoa ndani. Nani kamleta huyu? Nani kampa karatasi ya kumpa katekista? Yuko peke yake, au lori limeegeshwa kwenye kona? Nilikaa na kidole kwenye jamvi mpaka akanawa, akashukuru, akaondoka. Hakuna lori lililonguruma. Nilisikiliza sana. Daforosa aliporudi na ndoo kichwani nilimtua, tukaendelea na dagaa. Sikusema.

Miaka mingi baadaye nikiwa nimeolewa Kibondo, dereva mmoja wa njia ya Nyakanazi alinisimulia habari za makambi ya zamani, akamtaja mzee mmoja mwenye vidole vitatu mkono wa kulia, mlima tumbaku hodari, aliyekufa bila mke kwa sababu kila mara alisema akimpata dada yake kwanza ndipo ataoa. Sikumuuliza jina. Jina nilikuwa nalo.

Mwaka ule ulitutengeneza sote wawili, ila ulimtuma mmoja huku na mwingine kule. Mimi sikujiandikisha popote tena. Mume wangu alichoka kunisihi, mabalozi wa kwetu Kibondo walichoka, na kila uchaguzi mimi ndiye mwanamke anayebaki nyumbani anapepeta maharage. Patrisi aliwahi kuja mpaka kwangu. "Mama mdogo, kura ni siri," akaniambia. Nikamjibu, "Kura ni siri, mwanangu. Jina si siri. Mnalibandika ukutani." Agnesi yeye alikuwa kwenye kila daftari. Chama, umoja wa akina mama, kwaya, kamati ya maji, alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kupiga kura na kanga ya chama kiunoni. Watu walidhani anapenda siasa. Mimi nilijua anamlinda yule Daforosa kwa kumweka Agnesi mbele kama mbwa wa mlangoni. Na wakimbizi wapya walipojaa huku kwetu Kibondo, wa Burundi na wa Kongo, nilimsikia akisimama kwenye mkutano wa hadhara Kasulu na kusema warudi kwao, wanamaliza kuni zetu. Nilimfuata baada ya mkutano. "Daforosa," nikamwambia, mara moja tu katika miaka yote. "Kuni zetu?" Alinitazama kwa macho makavu. "Asiyewafukuza ataulizwa yeye katoka wapi," akasema. "Na usiniite hivyo." Jioni ile ile nilimwona anafunga unga wa muhogo kwenye kanga kuukuu, akampa mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza sabuni za msaada sokoni, bila kumsalimu, kama anayemtupia kuku.

Mara ya mwisho tulipoonana alikuwa tayari anaumwa. Tulikuwa tunabangua maharage kwenye ungo mmoja, magoti yamegusana. Akasema, bila kuinua macho, "Yule mtu aliyekuja kula kwa Mama Zuhura, siku niliyokwenda mtoni." Nani alimwambia? Mama Zuhura? Lini? "Alikula kwa mkono gani?" Nikabangua ganda moja, la pili, la tatu. "Wa kulia," nikasema. "Sawa," akasema, akaendelea kubangua. Sijui kama aliniamini au alinihurumia. Nashuku alinihurumia.

Kwa hiyo Patrisi aliponifuata siku ya tatu ya msiba, wageni wakiwa wamepungua, na kunikuta nimekaa peke yangu karibu na kaburi, sikushangaa. Alichuchumaa. "Mama mdogo," akasema, "kuna watu wanasema mama hakuzaliwa hapa. Watalisema jukwaani. Wewe na yeye mlijuana tangu usichana. Niambie." Nilimtazama sana. Anataka kumjua mama yake, au anataka kujua ni nani mwingine anayejua? Kuna watu huuliza siri ili wapate kuiziba na mwenye siri ndani yake. Nikamwambia, "Simu yako iko wapi?" Akaitoa mfukoni. "Kaiweke kule kwenye mihogo." Akacheka kidogo, akaona sichezi, akaenda akaiweka juu ya kisiki, akarudi mikono mitupu. Ana mikono ya mama yake, mifupi, minene vidoleni.

"Nikikuambia unaweza kuupoteza huo uenyekiti," nikasema.

"Najua."

"Na watoto wako watatafutiwa maneno shuleni."

"Mama mdogo. Nimemzika mtu. Nataka nijue nimemzika nani."

Basi nikamwambia. Kilima, lori, stoo ya Mama Zuhura, balozi na kalenda. Nikamwambia na kanisani, na kucha zangu. Nikamwambia na mkono wa kushoto, ambao sijamwambia hata padri. Nilitazamia anitukane. Aliniuliza tu, "Mjomba wangu alikula hoteli moja na wewe, pazia katikati?" Nikasema ndiyo, jamvi. Akainuka, akaenda akasimama mgongo kwangu, mabega yakipanda na kushuka. Nilihesabu hatua kutoka pale nilipo mpaka njia ya mkato ya migombani, miguu ikiwa imevimba vile vile. Tabia haiishi.

Aliporudi alikuwa na kopo la rangi nyeusi iliyobaki na kijiti. Akazunguka nyuma ya msalaba, upande unaotazama migomba, usioonekana kutoka barabarani. "Herufi zake zikoje?" Nikamtajia moja moja, mimi wa darasa la pili. Akaandika. Nikamuuliza, "Wakija kuliona?" Akasema, "Atakayezunguka mpaka huku nyuma, mama mdogo, huyo atakuwa amekuja kumtafuta." Kumtafuta kwa heri au kwa shari, hilo hakulisema, na mimi bado silijui. Kisha akapangusa kijiti kwenye majani, akasimama wima kama katekista, akalisoma kwa sauti kubwa ya mtu wa mikutano, mchana kweupe, mpaka nikageuka kutazama barabara.

"Daforosa Nduwimana!"

Barabarani alikuwa akipita mtu na baiskeli, akatazama upande wetu. Nikaona ananitazama. Patrisi akangoja, kisha akaita mara ya pili, polepole zaidi, kama alivyoita Simoni. Mkono wangu ulikuwa umeshika paja langu mwenyewe. Nikauachia.

"Karame," nikaitika kwa niaba yake, na sikuitika chinichini.